Wauza spea za mtumba watuandikie namba ya chasisi kwenye risiti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu wiki mbili zilizopita, akitaka pikapu zote za miaka ya tisini zinazotembea kwa spea za mtumba zikamatwe zikauzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Sina ugomvi naye. Ila ninayo moja, na ninapoandika haya imeegeshwa nje ya dirisha langu: bodi nyeupe, mlango wa kushoto wa bluu, boneti bado ina rangi ya kijivu ya chini kwa sababu pesa ya rangi ya juu ililiwa na ada ya shule. Watoto wa hapa Lukozi wanaiita Kanga. Si kanga ya kujifunga, ni yule ndege.

Mimi ni mwalimu mstaafu; nimefundisha hesabu katika shule za msingi za Lushoto miaka 34. Kanga ni Toyota Hilux ya mwaka 1994, aina ya LN106, kabini moja, dizeli, injini ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu). Marehemu mume wangu aliinunua mnadani mwaka 2003 kutoka kwenye mradi uliokuwa unafunga ofisi. Ekseli yake ya mbele ni ngumu kama ya lori, imelalia springi za vyuma bapa. Ukitaka magurudumu yote manne yavute, unashuka kwenye tope, unazungusha loki za magurudumu ya mbele kwa mkono, ndipo unarudi ndani kuingiza gia. Kompyuta hamna. Mwezi wa nne, njia za huku juu zinapogeuka uji, gari za namna hii ndizo zinazotoa karoti na kabichi shambani hadi sokoni Lukozi, malori yanakosubiri. Huyo ndugu namkaribisha mwezi wa nne, aje na viatu vya mvua.

Lakini kuna jambo moja amelisema kweli, na ndilo lililonishikisha kalamu. Amesema hakuna anayejua ndani ya magari hayo mmewekwa nini na kimetoka wapi. Ya kwangu naijua, kwa kuwa nina kaunta buku. Kila kilichoingia kwenye Kanga tangu mume wangu afariki kimeandikwa: tarehe, kilomita, bei, kimetoka wapi. Naomba nieleze nilivyojifunza kuandika hiyo safu ya mwisho.

Ilikuwa Julai 2021. Napanda kutoka Mombo na mifuko 20 ya mbolea, mjukuu wangu kando. Anayeijua barabara ile anajua: unaacha joto la bondeni, na ndani ya kilomita thelathini na kitu unapanda karibu mita elfu moja hadi Lushoto mjini, kona juu ya kona, mwamba upande huu na korongo upande ule. Kabla ya Soni, mpira wa chini wa rejeta ukapasuka. Macho yangu yalikuwa kwenye kona, hayakuwa kwenye mshale wa joto. Nilipouona ulikuwa umelala kwenye nyekundu, na boneti inatoa mvuke kama sufuria ya makande. Mpira ule ulikuwa wa mtumba. Niliununua mwenyewe kwa elfu tano, nikajisifu kwamba nimeokoa elfu kumi na tano.

Tulivutwa kurudi Mombo. Fundi akachomoa kijiti cha oili, akanionyesha bila kusema neno. Oili imechanganyika na maji, rangi ya chai ya maziwa. Alipofungua hedi, yaani kichwa cha injini, ufa ulikuwa mwembamba kama uzi, umekaa kati ya valvu mbili za silinda ya tatu.

"Hedi hii imekufa, Mwalimu," akasema. "Na mbolea uitafutie gari nyingine."

Hedi mpya ya dukani ingemeza kabichi za msimu mzima. Nikapanda basi na mjukuu wangu hadi Dar es Salaam, tukazunguka Gerezani na Ilala. Asiyefika huko afikirie bucha. Milango imetundikwa, injini zimepangwa juu ya matairi, nozikati, yaani vipande vya mbele vya magari, kutoka Japani na Dubai zimekatwa usawa wa kioo cha mbele na taa zake bado zinakutazama. Wenyewe wanasema gari "limechinjwa", na kweli limechinjwa. Vijana wanakuvuta mkono: mama unatafuta nini, Toyota mama, njoo huku. Nauliza mimi, anajibiwa mjukuu wangu. Nikisema hedi ya 3L, wanamgeukia yeye: "Kaka, ipo." Kaka mwenyewe alikuwa na miaka 16 na hajui hedi inakaa juu au chini.

Nikalipa laki sita na nusu kwa muuzaji mmoja. Hedi ilikuwa inang'aa, imepakwa rangi ya fedha. Siku hizi hedi ya mtumba inayong'aa naiogopa kuliko yenye masizi. Fundi alikataa kuifunga kabla haijapimwa, tukaipeleka Tanga kwa wachonga vyuma. Waliziba njia zote za maji, wakaijaza upepo, wakaizamisha kwenye pipa la maji ya moto. Mapovu yakatoka mahali pawili. Walipokwangua rangi, chini yake palikuwa na kovu la kuchomelea, refu kama kidole.

Nilipompigia simu muuzaji aliniita mama yangu, akaniuliza kama risiti ninayo. Ninayo. Basi mama, soma pale chini. Nikasoma: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikasoma na pale juu. Imeandikwa spea, moja, shilingi kadhaa. Haisemi ni hedi. Haisemi ni ya Toyota. Kwa karatasi ile ningeweza kuwa nimenunua honi.

Wiki ya tatu fundi akasikia kwamba njia ya Korogwe kuna kipanya kilichogongwa na lori kwa nyuma, Hiace, bodi imekunjwa kama barua lakini mbele pazima. Hiace nyingi za wakati ule zina injini ile ile ya 3L. Mwenyewe, baba mmoja wa makamo, alikuwa anaichinjia nyumbani kwake chini ya mwembe. Fundi alianza kwa kuweka kiganja kwenye injini, ahakikishe haijapashwa moto kabla hatujafika, maana injini iliyochoka huwaka vizuri ikishapashwa. Ikawaka baridi kwa funguo la kwanza. Akafungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, atazame kama inapumua moshi. Tuliisikiliza kama dakika 40, tukala na machungwa ya watu. Tukaelewana milioni mbili na laki mbili.

Sasa sikiliza alichofanya yule baba. Alichana karatasi ya daftari, akaandika kwa kalamu ya bluu: nimemuuzia fulani injini aina ya 3L, namba hii, iliyotoka kwenye gari lenye namba hii ya usajili na chasisi hii, tarehe hii. Akatia sahihi, jirani yake akatia sahihi. Akanipa na nakala ya kadi ya gari. Sikumwomba. Alisema hataki siku moja kuamshwa usiku na watu wanaouliza habari za gari alilokwisha kulisahau.

Injini ya Hiace haiingii kwenye Hilux hivi hivi. Sampu yake, bakuli la oili chini ya injini, ina umbo jingine, kwa kuwa chini yake hapakatizi ekseli ngumu kama yangu. Fundi alihamisha sampu ya Kanga, chujio la kunyonyea oili, mikono ya kushikia injini, na pampu yangu ya dizeli kwa sababu mkono wa akseleta haukukaa sawa. Zilikwenda siku nne. Mkanda wa taimingi tuliweka mpya, bearing ya kukazia mpya, sili mpya, na mipira ya maji yote mipya kutoka dukani. Kwenye mipira sikubishana bei hata senti.

Kisha ikaja habari ya kadi. Kadi ya gari, wasomaji wanajua, ina namba ya injini. Ukibadili injini ukaiacha kadi kama ilivyo, unatembea na gari lenye moyo wa mtu mwingine. Nilikwenda polisi gari likakaguliwa, nikaenda TRA, mamlaka ya mapato, na kila meza swali lilikuwa moja: injini hii umeipata wapi? Nikatoa ile karatasi ya daftari na nakala ya kadi ya kipanya. Zikasomwa, zikagongwa mihuri, nikarudi nyumbani na kadi mpya. Zisingekuwapo ningejibu nini? Kwamba nimeuziwa na kijana mmoja mwenye fulana nyekundu, anasimama karibu na mama ntilie?

Kwa hiyo ombi langu ni hili, na nalielekeza kwa wauza spea wenyewe, kwa viongozi wa masoko yao, na kwa wanaosimamia biashara hiyo. Kila spea kubwa ya mtumba inapouzwa, injini, gia boksi, difu, hedi, mlango, ekseli, risiti iandikwe jina la kitu na namba ya chasisi ya gari kilikotoka. Namba moja, mstari mmoja. Spea ndogo ndogo sizihesabu.

Najua nitajibiwa kwamba mali inakuja kwenye kontena imeshakatwakatwa, chasisi haijulikani. Si kweli kwa zote. Kibati cha Toyota chenye aina ya gari na namba yake kwa kawaida kimepigiliwa kwenye ukuta nyuma ya injini, na zipo nozikati zinazokuja na ukuta huo. Anayechinja gari lililopata ajali hapa hapa nchini anayo kadi, au anajua kwa nini hana. Huyo wa pili ndiye namtaka abanwe. Watu wa mjini wanachora namba za gari kwenye vioo vya pembeni na kwenye taa, ili mwizi akivibandua vimshitaki sokoni. Kama mnunuzi angekuwa anadai namba kwenye risiti, kioo kisicho na gari kingekosa pa kukaa.

Namba hiyo si ya polisi tu, ni ya fundi vilevile. Mwaka 2017 difu ya nyuma ya Kanga, zile gia za katikati ya ekseli, ilianza kulia. Nikaletewa nyingine kwa basi kutoka mjini, muuzaji akiapa kwa simu kwamba Hilux ni Hilux, mama, zote sawa. Fundi akaiweka juu ya benchi, akaanza kuhesabu meno. Krauni 43, pinioni 10. Akafungua ya kwangu: 41 kwa 9. Nikachukua kalamu, maana hapo amefika nyumbani kwangu. Arobaini na tatu gawanya kwa kumi ni 4.3. Arobaini na moja gawanya kwa tisa ni 4.56. Difu ya mbele bado ni ile ya zamani. Maana yake, ukiingiza magurudumu manne, ya mbele yakitaka kuzunguka mara 100, ya nyuma yanalazimishwa kuzunguka 106. Kwenye tope yatateleza yasameheane. Kwenye barabara ngumu yatavutana hadi kitu kikatike, na kitakachokatika ni gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, ambayo bei yake sitaitaja hapa kwa heshima ya wasomaji wenye presha. Kama karatasi ingesema difu hii imetoka kwenye Hilux aina gani, ningejua kabla sijalipia mzigo wa basi. Hata Hilux Surf, ambayo watu wanaipenda kwa kuchinja, sura ni ile ile lakini mguu wa mbele ni wa gari nyingine kabisa.

Na kuna udanganyifu usio na mdanganyifu. Mwaka 2014 dashibodi yetu ilikufa, mume wangu akafunga ya mtumba. Ya zamani ilisoma kilomita 312,000; iliyokuja ilisoma 187,000. Kwa usiku mmoja Kanga ikawa kijana kwa kilomita 125,000. Wengine wangefurahi na kutafuta mnunuzi. Sasa kwenye dashibodi hizi kuna taa ya T-BELT, huwaka kila kilomita 100,000 kukukumbusha mkanda wa taimingi. Sisi tulibadili mkanda kwenye 300,000, kwa hiyo zamu yake ilikuwa 400,000, ambayo kwenye dashibodi mpya inasomeka 275,000. Lakini taa ingewaka 200,000, ikikumbuka mkanda wa gari la watu. Ukiitii unatupa mkanda wenye kilomita 75,000 mbele yake. Ukiipuuza ukangoja iwake tena kwenye 300,000, umechelewa kilomita 25,000, na mkanda wa 3L ukikatika valvu zinagonga pistoni. Mume wangu aliandika hesabu hiyo kwenye karatasi ya sigara akaibandika kwenye kioo cha jua. Karatasi hiyo ndiyo mama wa kaunta buku yangu.

Kuhusu usalama, namjibu ndugu yangu hivi. Fundi wangu ana msemo wake: chuma cha mtumba, mpira wa dukani. Mlango, boneti, springi, gia boksi, injini iliyosikilizwa, hivyo sivionei haya. Mabomba ya mpira ya breki, raba za silinda ya breki, mikanda, mipira ya maji, na brekishuu, hivyo kwenye Kanga haviingii vya mtumba hata nipewe bure. Mimi nimemwongezea kimoja ambacho ni chuma: viungo vya usukani. Alinibishia, akasema vingine vya mtumba ni vya Japani kabisa na vinazidi vipya vya bei poa. Huenda. Lakini ninayeshuka Mombo na tani moja mgongoni ni mimi, na kwenye kona zile sitaki kushika usukani wenye meno ya bandia. Matairi ya mtumba nilikuwa nanunua zamani, hadi nilipofundishwa kusoma tarakimu nne zilizopigwa ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la mwisho nililoletewa kama "karibu jipya" lilikuwa na umri wa mjukuu wangu wa darasa la tano.

Trafiki wanapotusimamisha wakague hayo: washike mipira ya breki, wasome ubavu wa tairi, waangalie kama namba ya injini inalingana na kadi. Rangi ya mlango wangu haijawahi kuua mtu. Nimewahi kusimamishwa pale Mombo na askari kijana aliyeizunguka Kanga mara mbili akitafuta kosa, akaishia kuniuliza mbona mlango wa bluu. Nikamwambia wa bluu ndio uliokuwa na karatasi.

Hata huo wa bluu nataka kuubadili, kwa sababu kioo chake hakipandi hadi juu na mvua za Lukozi hazibishi hodi. Natafuta mlango wa kushoto wa Hilux LN106, kabini moja, kioo cha kuzungusha kwa mkono, rangi yoyote. Mwenye nao anaweza kunipata kwa kupitia kwako, Mhariri. Aje na namba ya chasisi.

Wako,
Mwalimu mstaafu, mwenye Kanga
Lukozi, Lushoto